Kanga za Mkaguzi

Kila maboksi ya katuni za wakubwa yalipofika dukani kwetu mtaa wa Wattaya, Uarabuni, mkaguzi wa serikali alikuja na kalamu yake nene ya wino mweusi, akakaa chini ya kiyoyozi, akang'ata kifuniko. Kazi yake ilikuwa kuwasitiri wanawake waliochorwa uchi kabla vitabu havijapangwa rafuni. Wakaguzi wenzake walipaka weusi tu wakaenda zao. Yeye aliwavisha kanga, akashusha mikunjo, akatia pindo na maua, huku akinung'unika, "Astaghfirullah, mabega gani haya," kisha akayatazama tena, eti apate kipimo. Wateja wengine walifika hadi kuulizia vitabu vilivyopita mkononi mwake. Siku moja mkewe alimletea chai, akachungulia mezani. "Hee! Kanga yangu hii! Mpaka kiraka umekichora?" Mkaguzi alitoa kifuniko mdomoni, uso umemsawijika. "Nguo nyengine siijui, bibi. Nnayoiona kila siku ndiyo hiyo." Mkewe alivuta kiti, akafunua ukurasa wa pili, akamkazia macho mwanamke aliyekuwa bado uchi. "Basi huyu mvishe ile kanga mpya ya korosho uliyoniahidi Idi," alisema. "Angalau nione itanikaaje."