Mitetea Sita wa Bi Somoe

Bora niseme mwenyewe, maana hapa Njinjo nisiposema mimi mtaambiwa na wengine, tena kwa kutiwa chumvi: mimi ndiye yule mwanamume aliyepeleka majogoo sita kwenye posa yake, akaapa mbele ya jumbe kwamba ni mitetea. Chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nimetoka kukata mkonge huko Lindi, nimerudi na baiskeli na maneno mengi (baiskeli ilikufa mapema, maneno ninayo mpaka leo), nikampenda Zainabu. Zainabu alilelewa na bibi yake, Bi Somoe, na huyo bibi kwa kufuga kuku hakuwa na mpinzani kuanzia kwetu mpaka Kipatimu. Nilipotuma mtu, Bi Somoe hakuuliza mahari wala nini, akasema, "Huyo kazoea kambi, ataweza kutunza mke? Aniletee mitetea sita, aliowalea mwenyewe tangu vifaranga, ndipo tuzungumze." Na habari nilizipata kwamba fundi cherehani mmoja wa Nangurukuru naye keshatuma wazee wake, kwa hiyo nikajua nikilegea kidogo tu, Zainabu kaenda. Nikajiapiza kwamba nitalea, tena peke yangu, na mtu asitie mkono wake.

Mama alikuwa na vifaranga wa siku chache. Akaniambia, "Mwanangu, subiri wakue kidogo, nitakuchagulia." Mimi nikacheka! Kule kambini kuna jamaa alinifundisha siri: unamshika kifaranga miguu, unamning'iniza kichwa chini, akiinua kichwa ni jike, akikiacha kichwa kinalegea ni dume. Basi nikakaa pale uani nikawapindua mmoja mmoja, anayeinua kichwa naweka, mpaka wakatimia sita. (Siku hizi najua kifaranga yeyote mwenye uhai wake, ukimpindua, atainua kichwa; na sita wote kuwa madume, hiyo ni bahati yangu mbaya tu.) Mama akasema lete basi niwe nawaangalia, nikamjibu, "Mama, hii kazi niachie mimi." Ndilo neno lililoniponza, hilo hilo. Nikawabeba wote nikawahamishia kwenye kibanda changu cha shambani, mbali na macho ya watu.

Nikawalea kweli! Pumba, mtama, mchwa nawachimbia mwenyewe, kicheche nikamwinda mpaka akahama. Upanga ulipoanza kuwatoka kichwani, mwekundu, nikasema hiyo ni afya. Mikia ilipopinda, nikasema hii ni mbegu kubwa. Asubuhi moja mmoja akatoa sauti ya kukwaruza, nikamsugua koo nikijua amekwamwa na punje. Mtu ukishaamua jambo, jamani, macho yanakutii.

Siku ya posa ikafika. Mjomba wangu ndiye aliyeongoza, jumbe yupo, wazee wamekaa mkekani barazani kwa Bi Somoe, wanawake wako ndani wanachungulia, na mimi nimevaa kanzu ya kuazima na tenga langu limefunikwa kwa kitambaa. Mjomba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwonyesha mama yako?" Nikasema, "Mjomba, wewe zungumza, usiwe na wasiwasi." Akazungumza, akasifu, akamaliza kwa kusema kijana wetu kaleta mitetea sita, kawalea kwa mkono wake. Mimi nikadakia, kiherehere changu, "Wallahi, mitetea watupu!"

Nikafungua tenga. Sasa hawa kuku tangu watoke gandani hawakuwahi kuona kuku jike mzima isipokuwa mama yao, waliishi pale shambani kwa amani, ndugu kwa ndugu. Na uani kwa Bi Somoe kuna majike kumi na kitu. Wa kwanza akatoka, akanyoosha shingo, akawika. Sauti imepasuka, lakini akawika! Wa pili akamjibu. Jumbe akaniangalia. Kufumba na kufumbua wote sita wanapigana mkekani, manyoya yanaruka, jogoo mzee wa Bi Somoe akaingia naye vitani, mmoja akakimbilia kichwani kwa mjomba na kofia ikaangukia ndani ya bakuli la uji wa mchele. Ndani wanawake wanalia kwa kicheko, na sauti ya Zainabu niliijua, ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Bi Somoe akanitazama. "Mjukuu wangu, umekuja kuoa au umeniletea waadhini?"

Mjomba alinishika mkono tuondoke. Nilitaka ardhi inimeze, lakini miguu ikakataa, nikasema, "Siondoki. Bibi, nimekosea, nilijifanya najua. Nipe kazi nyingine." Bi Somoe akasema, "Haya. Wachukue majogoo wako hao hao, ukae nao mpaka tuvune mpunga. Asife hata mmoja, asing'olewe jicho hata mmoja. Wakija wazima, na Zainabu atakuwa anakusubiri." Fundi cherehani hakutajwa, lakini alikuwepo mawazoni mwangu kila siku.

Safari hii nilikwenda moja kwa moja kwa mama. "Shikamoo mama, nifundishe." Akaniitikia marahaba, akacheka kwanza mpaka akakaa chini, kisha akanifundisha: wasione jike hata mmoja, chakula kimwagwe mahali sita tofauti, na yule mkorofi afungwe kamba mguuni pembeni mpaka apoe. Nikajenga vizuizi vya makuti ili mnyonge apate pa kujificha, nikawapaka majivu vidonda, nikawaamua ugomvi kwa ufagio tangu alfajiri mpaka jua linazama. Nilichoka, lakini sikuacha. Walivuka wote sita, macho kumi na mawili kamili, na Bi Somoe aliyahesabu mwenyewe, jicho kwa jicho. Akabakisha mmoja wa mbegu, watano wakaingia sufuriani kwa ajili ya wali wa harusi yangu. (Yule mkorofi alikuwa mgumu mpaka humo sufuriani.)

Tangu hapo mimi kifaranga simtaji jinsia mpaka nimsikie anawika au nimwone anataga. Hata Zainabu alipokuwa na mimba na watu wakaniuliza baba unaona nini, wa kiume au wa kike, nilifumba mdomo. Siku ya kujifungua nimekaa nje, mlango ukafunguka, akatoka Bi Somoe, mikono bado ina maji, akanikazia macho.

"Ni mtetea," akasema. "Na usibishe, nimeangalia mwenyewe."