Kichwa cha Refa

Mtaa mzima ulimwita Mama Chanuo, na hata yeye akipiga simu alijitambulisha hivyo. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, draya iliyounguruma kama pikipiki mbovu, na benchi ambapo wateja walisubiri zamu huku wakichambua habari za watu. Mumewe alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha viatu, lakini kwa kuwa kila Jumapili alichezesha mpira kwenye uwanja wa jirani, jina lake halisi lilimezwa na la uwanjani. Akawa Refa, basi.

Refa alianza kupotea taratibu. Siku moja timu ziliporudi kutoka mapumzikoni, alizikatalia zisibadilishane magoli, akisema mechi ndiyo kwanza inaanza. Watu waliangua kicheko. Mama Chanuo, aliyekuwa amesimama kando ya uwanja, hakucheka. Baadaye Refa akapotea njia akitoka kiwandani, njia aliyoipita tangu ujana wake.

Majirani wakasema ni uzee. Wengine wakanong'ona kwamba amechezewa na wachawi.

"Uzee gani na hata hajastaafu?" Mama Chanuo aliwajibu. "Mama yake alikufa kikongwe, akikumbuka majina ya wajukuu wote na makosa ya kila mmoja."

Akamshika mkono mumewe hadi hospitali kubwa. Huko kulikuwa na watafiti waliofuatilia watu kwa miaka, wakipima presha, mishipa ya damu na kumbukumbu, wapate kujua kwa nini wengine huzeeka na akili zao na wengine akili huwatangulia. Daktari aliyewasimamia, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimuuliza Refa kama aliwahi kuambiwa ana presha.

"Niliambiwa zamani," Refa akasema. "Kichwa kikiuma nameza vidonge. Kikipoa naacha."

Daktari aliwaeleza bila kuficha kwamba ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hautarudi nyuma. Akawaambia pia kwamba baadhi ya wagonjwa huruhusu ubongo wao uchunguzwe wakishafariki, ila hakuna anayelazimishwa. Refa, ambaye siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia, hakungoja mkewe aseme.

"Mechi ikiisha, refa anaandika ripoti," akasema. "Nikiondoka, fungueni mtazame." Akatia sahihi mbele ya mkewe na binti yao.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kumvisha, kumlisha na kumtafuta. Refa alikuwa akiwaonyesha wageni kadi za njano. Kaka yake mkubwa alipewa nyekundu siku moja, akaondoka amenuna, na tangu hapo akawa mtu wa kutuma salamu tu.

Refa alifariki asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe. Kabla ya jua kuwa kali, yule kaka alikuwa ameshafika na kukaa kwenye kiti cha marehemu.

"Shemeji, nimesikia mnataka kumpasua kichwa ndugu yangu," akasema. "Hazikwi nusu mtu hapa."

"Alisema mwenyewe, shemeji. Na akili zake."

"Mgonjwa wa akili ana neno gani?"

"Alikuwa nalo siku ile. Na uso wake hautaguswa, utamuaga kama kawaida."

"Mimi ndiye mkubwa. Nimekataa."

Binti yao alianza kulia. "Mama, tuache tu. Tusizike kwa ugomvi."

Mama Chanuo alijifunga kanga kiunoni, akatoka kwenda chumba cha maiti. Shemeji alikuwa ameshapiga simu, na mhudumu wa mlangoni akasema amekatazwa kuruhusu lolote. Mama Chanuo akampigia daktari, naye akaja mbio.

"Mama," daktari akasema taratibu, "tunaweza kuacha. Hatukuja kuvunja familia. Mkishindwa kuelewana, hakuna atakayewalaumu."

"Wewe waweza kuacha," Mama Chanuo akamjibu. "Mimi siachi. Miaka yote hii watu wameamua kwa ajili yake: ale nini, akae wapi, anyamaze saa ngapi. Hili aliamua mwenyewe. Mke wake ni mimi, na nipo hapa. Saa zinakwenda, daktari, ingia kazini."

Akakaa mlangoni kwenye benchi la chuma, akasema anayetaka kuzuia apite juu yake. Hakuna aliyejaribu.

Kwenye mazishi shemeji alisimama mbali na hakumpa mkono. Maneno yakaenea haraka kuliko moto wa makuti: Mama Chanuo kauza kichwa cha mumewe. Wateja wakapungua. Siku moja mmoja, akiwa ndani ya draya na kudhani mngurumo unamfichia maneno, alimwambia mwenzake habari hiyo kwa sauti ya juu. Mama Chanuo akachomoa waya ukutani. Mngurumo ukakatika.

"Rudia sasa, tusikie wote," akasema. Yule mama akainamisha kichwa chenye rola. "Hamtaki? Basi nitasema mimi. Sikuuza, na hakuna aliyenilipa. Mume wangu alitaka ijulikane kilichomla. Kama ni aibu, ni yangu, na nimeivaa." Akarudisha waya, akaendelea na kazi.

Baada ya miezi kadhaa daktari alimwita amweleze majibu. Mishipa midogo ya ubongo ilikuwa imekakamaa, na penye mishipa hiyo palikuwa na vidonda vidogo vidogo vingi, pengine vya kiharusi kilichopita bila mtu kukitambua.

"Kama kichwa kilichounguzwa na dawa ya nywele," Mama Chanuo akasema. "Huku pamekufa, huku pamekufa."

"Ndivyo. Lakini siyo presha peke yake, mama. Kulikuwa na ugonjwa mwingine wa ubongo pamoja nayo. Vimesaidiana."

"Angemeza vile vidonge?"

"Huenda ingechelewa. Siwezi kukuapia."

Alilia pale pale, kisha akapangusa uso. "Nifundishe kupima," akasema.

Tangu hapo saluni ikawa na sheria: hasukwi mtu kabla ya kupimwa presha. Waliokasirika walikwenda kwingine. Waliobaki walipimwa, na aliyekutwa nayo ikiwa juu aliambiwa aende kliniki au atafute msusi mwingine. Polepole benchi likajaa tena.

Bado palikuwa na mlango mmoja. Alikwenda na mashine yake ya kupimia presha kwa shemeji, akafungiwa. Akarudi, akaambiwa amelala. Mara ya tatu alimkuta barazani, hana pa kukimbilia.

"Umekuja kuchukua na kichwa changu?" shemeji akauliza.

"Chako sikitaki, kina kelele. Nataka mkono tu."

Mke wa shemeji akacheka huko ndani, na pengine ndicho kilichomfanya anyooshe mkono. Namba zilipotokea, Mama Chanuo alimgeuzia azione mwenyewe. Shemeji alizitazama, kisha akazitazama tena.

"Hii mashine mbovu," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Tupime tena."

Ilirudia vilevile. Kesho yake alikwenda kliniki, akapewa dawa. Hakuomba radhi, na Mama Chanuo hakuingoja. Mpaka leo wakikutana shemeji husema Mama Chanuo alikosea, na yeye humjibu kwamba angerudia.

Juzi walikuwa mezani kwa binti yake. Mama Chanuo akatangaza kwamba na yeye amejiandikisha kwa watafiti: watampima kila mwaka, na akifa watachunguza ubongo wake.

Shemeji akaweka kijiko chini. "Hilo nitalipinga mbele ya watu wote."

"Pinga, shemeji," Mama Chanuo akasema, akimsogezea glasi ya maji. "Ila ili unipinge siku hiyo, lazima uwe hai. Umemeza dawa?"