Kiganja Changu Nguzoni

Wiki iliyopita nilirudi kwenye jumba la kifahari nje ya London, ambako Mama alimtunza bibi mgonjwa nilipokuwa mdogo, nikaikimbilia nguzo yangu.

Siku ile ya utotoni ukumbi ulinuka tapentaini ya kuyeyushia rangi. Fundi Mwitaliano alikuwa akichora mishipa ya marumaru kwenye nguzo kwa unyoya. Nguzo ilikuwa ya mbao, ila mimi niliamini ni jiwe, nikabandika kiganja nipate ubaridi. Kikatoka kimejaa rangi!

"We Zuhura, utanifukuzisha kazi!" Mama alifoka.

Fundi alicheka. "Mwache, mama. Jiwe la kweli nalo lina makosa." Akavuta unyoya kwenye alama za vidole vyangu, zikawa mishipa mitano.

Siku hizi najifundisha uchoraji peke yangu, na kila kosa hulifuta mpaka karatasi ichanike. Ile mishipa mitano nguzoni bado ipo, mizuri kuliko yote! Jana nilikosea mstari, nikauacha.