Mazoezi ya Jeshi Juu ya Paa la Al-Naseem

Binti yangu aliponiambia anataka kwenda jeshini, nilikuwa nimesimama jikoni nikikata bamia, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wapi?"

"Jeshini, mama. Nataka kuwa afisa."

"Wewe? Unayemkimbia jongoo?"

Akacheka, lakini hakuiacha ile habari. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata B, na tangu nije Saudia aliishi Kitale kwa dada yangu. Mimi nilikuwa nikifanya kazi za nyumbani Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa madam mmoja mwalimu, mumewe, watoto wao wanne, na mzee aliyemzaa madam. Binti yangu akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Jeshi huchukua vijana waliofaulu wawe makadeti. Ukichaguliwa, unafunzwa uafisa, na huku unasomeshwa chuo kikuu mpaka upate digrii. Malazi, chakula, vitabu, vyote juu yao.

"Ni skolashipu kama skolashipu nyingine," alisema. "Hii tu wanataka na jasho."

Nilikataa. Nilimwambia jeshi si mahali pa mtoto wangu wa pekee, aende akasomee ualimu kama watu. Kisha akaniambia jambo alilokuwa amelificha: mwaka uliotangulia alikuwa ameshakwenda kwenye uchaguzi wa makadeti bila kuniambia. Mbio alimaliza vizuri, akiwa wa sita. Pushapu ndizo zilizomwangusha. Alipiga kumi na moja, akalala kifudifudi kwenye nyasi mbele ya watu wote, na afande mmoja akamwambia, "Amka mama, urudi ukiwa umekula."

Sijui ni nini hasa kilichonigeuza. Nadhani ni yale maneno ya afande. Mtoto wangu alikuwa amedhalilika mbele ya watu, akarudi nyumbani, na bado alitaka kwenda tena. Mtu kama huyo hakatazwi kitu.

"Sawa," nikamwambia. "Utapiga pushapu kila siku, na mimi nitapiga. Ukiacha, ujue umemwacha mamako chini peke yake."

Nilisema hivyo nikiwa na miaka arobaini na tatu na kilo ambazo sitazitaja.

Tulianza Jumatatu. Saa za Riyadh na za Kenya ni zile zile, kwa hiyo saa moja asubuhi, watoto wakishakwenda shule na madam kazini, nilipanda juu ya paa na beseni la nguo. Nikishaanika, nilitandika mkeka katikati ya matangi ya maji, nikampigia. Yeye alikuwa uani kwa dada yangu, kuku wakimzunguka. Siku ya kwanza nilipiga mbili. Ya tatu nilikwama katikati, nikawa siwezi kupanda wala kushuka, na binti yangu akacheka hadi simu ikamwanguka.

Wiki ya pili mzee alinifuma. Nilizoea kumwita Baba Kabiri, yaani baba mkubwa, kama wafanyavyo wengi katika nyumba za huku. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mgongo umenyooka kama nguzo ijapokuwa magoti yalimsumbua. Alikuwa amepanda kuangalia tangi lililokuwa likivuja. Nilimsikia akikohoa nyuma yangu, nikaruka nikakamata beseni.

"Nini hii?" akauliza.

Kiarabu changu ni cha jikoni. Nikajitahidi: binti yangu, jeshi, shule, mikono mafi nguvu, yaani haina nguvu. Nikamwonyesha simu. Binti yangu, aliyekuwa bado hewani, akasimama wima pale uani akapiga saluti ambayo hata mimi niliona haikuwa sawa.

Mzee akaitazama ile saluti muda mrefu. Ndipo nilipojua alichokuwa amekifanya maishani kabla ya kustaafu. Alikuwa afisa wa jeshi wa kufunza makuruta, miaka zaidi ya ishirini. Akaishika simu, akanyoosha vidole vyake, akamwonyesha binti yangu mkono unavyopanda, kiwiko kinapokaa, kiganja kinavyotazama. Akamrudisha mara tano. Kisha akanigeukia.

"Wewe mgongo wako kama ngamia," akasema. "Yalla, chini."

Tangu siku ile tukawa na mwalimu. Alikuja na kiti chake cha plastiki na birika la kahawa, akakaa kivulini, akahesabu kwa Kiarabu. Wahed, ithnein, thalatha. Akiona kiuno kimelegea, haikuhesabiwa hiyo. Siku moja aliweka finjani tupu juu ya mgongo wangu akasema isianguke. Ikaanguka, ikavunjika ukingo. Kesho yake alileta ya plastiki. Kule Kitale dada yangu naye akaanza kumwekea binti yangu kikombe cha maji mgongoni, na nikisikia kelele nilijua kimemwagika.

Madam aligundua pale aliponiuliza kwa nini nguo zinachukua muda mrefu siku hizi. Nikamweleza. Nilidhani atakasirika. Akamtazama babake, aliyekuwa anajifanya kusoma gazeti.

"Baba, umempeleka mfanyakazi wangu jeshini?"

"Si huyu," mzee akajibu bila kuinua macho. "Huyu ni wa mfano tu."

Madam alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alizoea kuniuliza mezani, "Leo ngapi?" na watoto wakawa wanashangilia. Nilipofika ishirini, yule mdogo alinipa stika ya nyota aliyopewa shuleni.

Binti yangu alikuwa amepita thelathini kabla sijafika kumi na tano. Mzee akahamia kwenye mambo mengine. Alitaka nimtafsirie: asitazame chini anapoongea, ajibu alichoulizwa, asiongeze, na asipojua, aseme hajui. "Makuruta wengi," alisema, "niliwaangusha kwa uongo mdogo, si kwa miguu mibaya."

Basi tangazo la uchaguzi likatoka, na hapo ndipo tulipopata mshtuko. Safari hii kila mtu alitakiwa aje na vyeti halisi, si nakala. Dada yangu akapekua nyumba nzima. Cheti cha mtihani kilikuwepo, kitambulisho kilikuwepo, cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Nilikaa kitandani nikafikiri, mpaka nikakumbuka. Nilipokuwa nakuja Saudia mara ya kwanza nilikusanya karatasi zangu zote kwenye bahasha moja, na chake kikaingia humo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Jeddah. Nilipobadilisha kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, na kuhamia Riyadh nilibeba vichache tu. Sanduku nililiacha kule kule Jeddah, mtaa wa Bani Malik, kwa rafiki yangu, Mkenya mwenzangu anayepanga chumba na wenzake wanne. Cheti cha binti yangu kilikuwa humo, na uchaguzi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Kuomba kipya kungechukua zaidi ya hizo.

Rafiki yangu alipopokea simu alisema sanduku lipo, ila lina kufuli na ufunguo ninao mimi.

"Livunje."

"Nimejaribu, dada. Hili sanduku lako ni benki."

Bahati, wiki ile ile familia ilikuwa inasafiri kwenda umra, na nilikuwa niende nao, tufikie Jeddah kwenye nyumba ya kupanga. Siku waliyokwenda Makka nilibaki, kwa kuwa mimi ni Mkristo na kule siingii, nikapika na kufua. Walirudi jioni wakiwa wamechoka. Asubuhi yake nikajikakamua kumwomba madam nitoke kwa muda wa saa mbili hivi. Kabla hajanijibu, Baba Kabiri alikuwa ameshavaa viatu.

"Nakwenda naye," akasema. "Hii ni kazi ya jeshi."

Tukachukua teksi hadi Bani Malik, kwenye jengo la ghorofa nne lisilo na lifti. Nilimwomba mzee abaki garini kwa ajili ya magoti. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Alipanda, akipumzika kila ghorofa na kujifanya anasoma matangazo ya vyumba ukutani. Rafiki yangu alipofungua mlango na kuona Msaudi mzee mwenye kanzu nyeupe na bakora, rangi ilimtoka. Wenzake wakainuka kwa pamoja, mmoja akaanza kutafuta ikama yake, kibali cha kuishi, kwenye mkoba.

"Jamani kaeni," nikasema. "Huyu ni kocha wetu."

Walipoelewa, chumba kililipuka kwa vicheko. Mzee akapewa kiti kilichokuwepo, chai ya maziwa yenye tangawizi na mandazi ya moto. Nikafungua sanduku. Nilitoa kila kitu: leso, viatu, picha, kitabu cha nyimbo. Bahasha ilikuwa chini kabisa, na ndani yake, kati ya karatasi za hospitali, kilikuwepo cheti, kimekunjwa mara nne, kizima. Nilipiga kigelegele bila kukusudia. Wale wanawake wakaitikia.

Mmoja wao alikuwa anaruka kwenda Nairobi kwa likizo siku mbili baadaye. Hakungoja niombe. Alikichukua, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akakifunga ndani ya leso na kukipachika kifuani.

"Ndege ikianguka ndiyo kitapotea," alisema, "na hapo mtakuwa na shida nyingine."

Dada yangu alimpokea uwanja wa ndege.

Siku ya uchaguzi sikuweza kula. Binti yangu alipiga simu alasiri, na kwanza sikuelewa kama analia au anacheka. Mbio alikuwa wa pili. Pushapu alipiga mpaka wakamwambia inatosha. Wakahesabu meno yake, wakatazama nyayo zake, wakasoma vyeti kimoja kimoja.

"Kisha mmoja akaniuliza swali kuhusu sheria za vita, mama. Sikuwa nalijua."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, sijui, afande. Wakatazamana. Nikajua nimekwisha. Halafu mwingine akauliza nani amenifunza kupiga saluti, maana si ya kikwetu. Nikamwambia kuna mzee Riyadh, kwa simu. Walicheka wote!"

Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopita. Bado kulikuwa na vipimo vya hospitali, mahojiano makubwa Nairobi, na miezi mitatu ya kungoja ambayo ilinizeesha. Barua ilipokuja alinisomea neno kwa neno: amekubaliwa kuwa kadeti, atasoma shahada kwa gharama ya jeshi, aripoti na nguo za michezo, kufuli na Biblia akipenda. Nikaenda sebuleni nikamwambia Baba Kabiri. Aliinuka kwenye kochi, polepole, akasimama wima, akanipigia saluti mimi. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikalia, na madam akanikumbatia, na watoto wakaruka juu ya makochi.

Wiki sita za mwanzo hawakuruhusiwa simu. Ya kwanza ilikuja Jumapili nikiwa nasafisha samaki. Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mzee wa kanisa.

"Mama, nakula kabichi," alisema.

"Wewe?"

"Naongezewa."

Sasa yuko mwaka wa pili, na asubuhi anasoma hesabu ngumu kuliko alizozipata shuleni. Jana alinitumia picha amesimama mstarini na wenzake, wote wamenyoa, wote wanafanana, nikahangaika kumtafuta. Nilimtambua kwa masikio. Ni ya babake.