Nilimpa mbwa wa tajiri kitunguu nikidhani ni dawa ya minyoo

Wakuu, assalam aleikum na heri kwenu nyote. Hili sijamwambia mtu, hata nyumbani Msambweni. Ni kweli tupu, na matusi nitayapokea.

Mimi natunza bustani hapa Diani kwa tajiri wangu, mama wa Kizungu. Ana mbwa, Bosko. Mama akisafiri, Bosko ni juu yangu. Kumlisha tu, kumshika la. Mate ya mbwa kwetu Waislamu ni najisi, yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo. Bosko alishanizoea, akija anakaa kando.

Mwezi uliopita mama alisafiri. Akaniambia nimpe Bosko karoti, matango na boga la bustanini. Basi mimi nikaweka kichwani kwamba mboga zote hazina neno.

Bosko akaanza kuburuza makalio chini. Askari wa jirani, mtu wa bara, akaniambia, "Hiyo ni minyoo, bro. Mkatie kitunguu kwa ugali. Kwetu ndiyo dawa."

Vitunguu si navilima mwenyewe? Siku nne mfululizo nikamkatia kitunguu kizima. Akala mpaka akalamba sahani.

Siku ya tano hakuinuka. Ufizi mweupe, mkojo kama chai ya rangi. Nikampigia daktari wa mifugo. Akauliza, "Amekula nini?"

Wakuu, nilidanganya. Nikasema ugali na samaki. Niliona kazi inaniponyoka, na nina watoto watatu shuleni. Daktari akadhani ni homa ya kupe, akasema atapita jioni.

Sikutulia. Nikakaa, nikainuka, nikamwagilia mchicha niliokwisha kuumwagilia. Kila nikipita, Bosko anatingisha mkia kidogo. Yarabi, ule mkia ulinimaliza.

Nikapiga tena. "Daktari, nilikudanganya. Nimempa vitunguu siku nne."

"Mlete sasa hivi. Usinisubiri."

Nikambeba kifuani, mate yote shatini. Tuktuk mbili zikanikataa, ya tatu ikatuchukua. Kuosha nilikumbuka baadaye sana.

Alhamdulillahi alipona, baada ya wiki nzima ya sindano. Karoti, tango, boga, sawa. Lakini kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, ni sumu kwa mbwa, vinaharibu damu. Hata rojo la mchuzi, jamani, msimwagie. Na daktari akiuliza amekula nini, semeni ukweli mara ya kwanza. Mimi nilimpotezea Bosko saa nzima.

Vitunguu nimeving'oa vyote.

Mama anarudi Jumapili, hajui lolote. Daktari amesema kumwambia ni kazi yangu. Yeye nilimwambia kwa sababu mbwa alikuwa anakufa. Sasa Bosko anakimbia, na ulimi umekuwa mzito zaidi.

Leo amekuja akalala juu ya miguu yangu, hakai kando tena. Sikumfukuza.

Nitamwambia mama, hilo nimeshaamua. Nisaidieni neno la kwanza tu, wakuu. Nasoma zote.