Kitabu Kilichokataa Kuzimika

Alikufa kwenye siti ya nyuma ya gari yake mwenyewe, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, kati ya Mumosho na Panzi, mchana kweupe, watu wakiuza ndizi kando ya barabara kama siku zote. Dereva wa lori la bia, aliyekuwa nyuma yetu pale barrière, kizuizi cha barabarani, alimwachia convoyeur, utingo wake, lori akaja kushika usukani wetu. Alipowasha gari, yule mwanamke wa ndani ya redio akasema Kijapani chake cha kila siku, kwa sauti ile ya adabu, kama mtu anayekaribisha wageni mezani. Mwenye gari, ambaye peke yake kati yetu alielewa maneno yale, akafungua jicho moja, akataka kucheka, damu ikamtoka puani. Kabla hatujafika kwenye daraja dogo mkono wake ulikuwa mzito mkononi mwangu. Nikamwambia yule mwanamke wa redio anyamaze. Dereva wa lori alifikiri namwambia yeye.

Mnaosoma safu hii mnanijua. Niliacha shule darasa la sita, vita vya kwanza vilipotukuta darasani, na tangu hapo nauza nguo za balo, mitumba, sokoni Kadutu; mhariri hunyoosha tahajia yangu, hasira yangu huiacha kama ilivyo. Mnajua pia kwamba sitaji majina hapa. Leo vilevile sitayataja. Nitanyoosha kidole tu, na kila mwenye kidole usoni mwake atajitambua.

Marehemu alikuwa dereva wa taxi, mtu wa umri wangu, mwenye tumbo dogo na kicheko kikubwa. Ndiye aliyenibebea mabalo yangu kila asubuhi. Gari yake ilitoka Japani kama zote, usukani kulia, maandishi yale ya vijiti kila mahali, na kila alipowasha, yule mwanamke aliongea. Sisi abiria tulikuwa na maoni. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alitaka kuleta mafuta tuombee gari. Mimi niliuliza tu:

"Papa, uyu mama anasema nini?"

"Sijue, maman. Nazani ananisalimia."

"Na weye unamujibu?"

"Kila asubui. Namwambia bonjour maman, twende."

Lakini alikuwa mtu asiyevumilia kuongeleshwa na mtu asiyemwelewa. Akaanza kujifunza Kijapani kwenye simu, pale parking, wenzake wakicheza dama na kumcheka. Walimwita "Japonais", Mjapani. Ilimchukua muda mrefu, masika na kiangazi, mpaka asubuhi moja akasimamisha gari katikati ya mupando wa Kadutu, kwenye mwinuko, nyuma watu wanapiga klaksoni, yeye anacheka mpaka machozi. "Maman, nimemusikia! Haisalimie muntu! Anasema kadi ya barrière haijawekwa! Kwao ile njia kubwa iko na barrière, unaweka kadi mu gari, inafunguka yenyewe. Miaka yote namujibu bonjour, ye ananiomba kadi!" Akafuta macho. "Kumbe na kule barrière iko." Alisema hivyo kama mtu aliyegundua ndugu wa mbali.

Baada ya hapo hakushikika. Alitaka kusoma vitabu, siyo maneno ya redio tu. Na simu ilimshinda: mwanga wake ulimchoma macho, courant, yaani umeme, ilikatika siku mbili na betri ikafa katikati ya sentensi, na kila alipofika mahali patamu mteja alipiga. Ndipo neno liseuse lilipoingia mjini kwetu na kuleta vita nyumbani kwake. Bibi yake, mkewe, alimsikia akiongea na mdogo wake wa Bujumbura kwa simu, akaja mbio kwenye meza yangu ya nguo, kitenge kimefungwa upande.

"Maman, weye njo unapanda gari yake kila siku. Liseuse ni nani?"

"Liseuse gani?"

"Anasema ile mudogo hapana, inamuumiza macho. Anataka liseuse mwenye mwili kidogo. Mutulivu, hapigi kelele. Ati anaweza kukaa wiki mbili bila kukula! Ati unamugusa tu na kidole, anakuambia maana! Maana ya nini?"

Kwa Kifaransa changu cha darasa la sita nilijua liseuse ni mwanamke anayesoma, basi nikajaribu kutuliza. "Labda ni wale bamama banasoma somo mu misa."

"Wa parokia? Njo mubaya zaidi!"

Jioni ile mume alisimama mbele yetu wawili, mikono imeegemea boneti, akatufafanulia. Liseuse ni kibao, kama slate ya watoto wa shule, ambacho vitabu vinakaa ndani. Haina mwanga wa simu, ni kama karatasi. Ukigusa neno usilolijua, kamusi inafunguka. Na kuchagua, akasema, kunataka akili kuliko kuchagua gari. Iko ile ndogo ya kuingia mfukoni, nzuri kwa Kifaransa, lakini Kijapani huandika herufi kubwa na juu yake vijiherufi vya kukuambia zinasomwaje, kama mama aliyebeba mtoto kichwani. Kwenye kibao kidogo wale watoto wanakuwa sisimizi. Iko ya pili, nzuri, macho hayaumi, lakini imefungwa na duka lake: vitabu ununue kwao tu, kwa kadi ya benki, "na mimi kadi njo ile ya gari inalilia." Kamusi yake nayo inakupeleka kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Ya tatu ni kubwa, iko wazi, unaweka mwenyewe kamusi ya Kijapani na Kifaransa, unaweka vitabu kutoka popote, mistari inashuka kutoka juu kwenda chini kama wenyewe wanavyoandika. Ubaya wake betri inachoka mapema kuliko zingine.

Bibi akamwangalia. "Basi chukua iyo kubwa. Yenye kuchoka. Ile ya wiki mbili hainipendeze."

Akaichukua ile kubwa. Ilipofika kutoka Bujumbura aliionyesha parking nzima, na alijisifu kwa vile isivyokuwa navyo: "Haina SIM, haina camera, haina sauti. Ata muizi hataitaka!" Na kila alichokisifu ndicho walichokuja kumuulizia kwenye barrière.

Sasa kidole cha kwanza. Nyumbakumi wa avenue yao, mjumbe wa mtaa wao, weye unayejiita baba wa nyumba zote, ulikuja kwake, ukakalishwa kwenye kiti kizuri, ukapewa chai. Ukaomba kuona kile kibao. Akakusomea mistari miwili, akakufasiria: ilikuwa hadithi ya paka wa jirani anayeiba samaki. Bibi yake alikuwepo, ananisimulia mpaka ulivyocheka. Ukatoka, na mtaa mzima ukasikia ukisema, "Muntu wa hapa atasoma alama izo ju ya nini?" Wakubwa wapya wenye bunduki walikuwa wanakuomba uwaonyeshe watu wasioeleweka. Ulikuwa na wezi kwenye avenue, ulikuwa na wapiga watu, unawajua wote. Uliwaogopa. Ukamtoa yule asiyetisha mtu.

Siku aliyokufa alikuwa amenipeleka Mumosho kumwona dada yangu mgonjwa, na tulikuwa tunarudi. Barrière ile, ya wenye silaha wa upande gani, sitasema. Kwetu pande zinabadilika, barrière zinabaki. Mkubwa wao wa zamu aliangalia namba ya gari, kisha akamwita mwenzake: "Njo uyu. Nyumbakumi yake alitupigia." Niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili, wakati ule bado yalikuwa mazima. Wakapekua, wakatoa kibao.

"Ni nini hii?"

"Liseuse, chef. Ni kitabu."

"SIM iko wapi?"

"Haina SIM."

"Sasa inaongeaka na nani?"

"Haiongee, chef."

"Ju ya nini haiongee?"

Marehemu akawaambia wajaribu kugusa. Mkubwa akaona mistari ya vijiti ikishuka, akarudisha mkono kama aliyegusa moto. "Zima!" Akazima. Na hapa, wasomaji, ndipo alipouawa, kwenye jambo ambalo hata mimi sikulijua mpaka siku ile. Kibao cha namna ile ukikizima, ukurasa haufutiki. Wino unabaki pale ulipo, kama kwenye karatasi, bila umeme wowote. Ndiyo sababu hakichoshi macho. Ndiyo sifa yake.

"Nasema uzime!"

"Imezimika, chef."

"Alama iko bado!"

"Inabakiaka, chef. Njo vile iko. Imezimika."

"Unanicheka?"

Akapigwa kitako cha bunduki. Akabonyeza tena, ikawaka tena, akabonyeza tena, alama zikabaki. Kila alipotii ilionekana amekataa. Nilipiga kelele kwamba ni kitabu, nikapigwa kofi la sikio la kushoto, na sikio hilo halijarudi. Wakamvuta nyuma ya kibanda. Nilikuwa nasikia kwa sikio moja, na lilitosha.

Kidole cha pili. Mbele yetu kulikuwa na jeep, na ndani mwalimu wa chuo kikuu, mwenye miwani na koti. Dirisha lilikuwa wazi. Alipoona kibao aliinua shingo, nikaona usoni mwake kwamba anakijua. Nikakimbilia dirisha lake, nikamshika kiwiko: "Papa professeur, bambie! Weye banakuogopa, bambie ni kitu gani!" Akaniondoa mkono taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini, Kiswahili safi: "Maman, nikisema nakijua, wataniuliza nimekijuaje." Akapandisha kioo. Baadaye nimesikia anacho nyumbani.

Nimelifikiria jibu lile kuliko hata kofi. Zamani tuliogopa kuuawa kwa kabila, kwa ng'ombe, kwa dhahabu. Sasa tumefika mahali mtu anaogopa kujua. Mwenye kujua ananyamaza asiulizwe amejuaje. Asiyejua ana bunduki. Na anayejifunza, akiwa mtu mzima, kwa furaha yake tu, bila mradi, bila diploma mwishoni, huyo hana mahali kabisa. Kama angesema anajifunza Kijapani ili akimbilie Japani, wangemwelewa. Kama angesema ni kwa biashara ya magari, wangemwelewa. Alisema, "Napenda tu, chef." Katika mji huu hilo halina maelezo.

Kiongozi wao alikuja kwa pikipiki, akakiangalia kibao, akagusa, akageuza kurasa mbili. Akacheka. "Hii ni kitabu, bajinga." Basi. Akatuambia tumbebe mtu wetu twende. Kibao akabaki nacho. Hakuomba radhi, lakini alisema neno: kitabu. Tulilisikia mimi na dereva wa lori. Yaani mpaka waliomuua wamekubali ni kitabu.

Ni avenue yake peke yake isiyojua. Nyumbakumi, siku ya kilio ulipita kabla ya mwili kuletwa, ukaamuru bâche, turubai la matanga, ishushwe, ukawaambia watu wasikae kwa kilio cha espion, cha jasusi, barrière haipigi mtu bure. Viti vilivyokuwa vimekodishwa vikarudishwa. Tulimlilia ndani, wanawake tisa na dereva wa lori la bia. Padri alikuja kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo bibi yake anakaa na unga wake wa mihogo kutoka asubuhi mpaka jioni, na watu wanavuka barabara kwenda kununua mbele. Shuleni watoto wanaitwa "watoto ya espion". Mkubwa wao, msichana, amekataa kurudi darasani. Mimi nikieleza, wananiambia, "Maman, hakuna moshi bila moto." Nawajibu: nimeishi na vita tangu utoto, nimeona moshi mwingi uliowashwa na mtu aliyesimama kando na kiberiti, akipepea.

Nimepoteza sikio, nimepona. Kupona kwetu si zawadi, ni kazi: aliyepona ndiye anayesema kilichotokea, la sivyo watakisema wengine kwa namna yao. Funzo ninalolitoa mimi ni fupi. Mtu hauawi na wajinga peke yao. Mjinga anahitaji mmoja wa kumpigia simu na mwingine wa kupandisha kioo.

Wewe professeur, unajua kuandika kuliko mimi. Ukurasa huu uko wazi kwako. Andika kibao kile ni nini, utie sahihi yako. Lakini ninayemtaka kwanza ni wewe, nyumbakumi. Jumamosi hii kuna salongo, kazi ya usafi ya wote, avenue nzima itakuwa na majembe mferejini, na mimi nitakuja na bibi yake na wale watoto. Hatutaki pole yako. Panda juu ya jiwe unalopandaga ukitoa matangazo, na utuambie mbele ya wote: siku ile ulipopiga simu, uliwaambia anasoma nini? Ulikuwa umeshasomewa. Ulijua ni paka na samaki. Uliwaambia nini?