Mkufu Nyuma ya Pazia

Ukimuuliza mtu yeyote wa Kawetele, Tulia ni mwanamke wa namna gani, atakujibu bila kufikiri: ni yule anayepita nyuma. Njia ya kwenda kisimani ilipita mbele ya nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Andongwisye, nayo ilikuwa fupi, ya kutelemka tu. Tulia hakuikanyaga. Alizunguka migombani na ndoo kichwani, akatokea chini kwenye matope, kwa sababu kwao mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja. Mzee akitaka kupita upande wa jiko la Tulia, alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kama mtu anayegonga mlango. Tulia akaacha alichoshika, akaingia ndani, khanga usoni.

Na mzee akiwa na neno la kumwambia Tulia, alimwambia mbuzi.

"Wewe mbuzi, mawingu hayo. Kuni zinalowa na wenye kuni wapo."

Tulia, nyuma ya ukuta, alisikia. Akaingiza kuni.

Msidhani palikuwa na chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa na kuta nene kuliko nyumba. Wapo waliokwisha kuilegeza, hasa watu wa mjini. Lakini Mzee Andongwisye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mila kwa mkupuo mmoja, hakuona sababu ya kuangusha kimoja ili ashike kingine. Tangu Tulia alipoletwa pale akiwa bibi harusi, hawakuwahi kutazamana. Naye Gwamaka, mume wake, alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha. Krismasi hii anakuja, ijayo haji. Mji wote ulikuwa mkononi mwa mzee, naye alikuwa amefiwa na mkewe.

Sasa, ile ilikuwa miaka ya ruhusa, biashara ilipofunguliwa. Baada ya ukame mrefu wa sabuni na sukari, vitu vilirudi madukani kwa fujo, hata vile ambavyo hakuna aliyewahi kuvililia. Gwamaka naye asibaki nyuma: alimtumia mkewe cheni ya njano inayong'aa kama pasi mpya. Tulia akaivaa Jumapili ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Mvua ikamnyeshea njiani, jasho likaongezea, na kabla ibada haijaisha shingo ilikuwa na duara la kijani na vipele juu yake. Wanawake wakamzunguka uani.

"Mama Lusungu! Mumeo kakufunga kengele ya ng'ombe, mbona inaota kutu?"

"Mwacheni, huko Dar hawajui ng'ombe."

Tulia akacheka nao. Alipofika nyumbani akaivua, akaitumbukiza chooni. Lakini tangu siku ile akapata njaa isiyo ya chakula. Alitaka kitu kimoja mwilini mwake kisichodanganya. Silva ya kweli.

Akaanza kuuza ndizi kidogo kidogo kwa wenye malori, akaweka akiba yake ndani ya debe la mahindi ya mbegu. Kwa siri, tena siri kubwa. Maana mwaka uliopita mzee alikuwa amezungumza na mbuzi habari za mwanamke mmoja wa jirani: "Wewe mbuzi, mume hayupo na mke anajipamba. Anampambia nani?" Haikupita muda, mwanamke yule akarudishwa kwa wazazi wake na kifurushi chake kimoja. Watoto wakabaki. Tulia alikuwa na watoto wawili, na kila alipofikiria mkufu aliwaona wamesimama mlangoni, wakimtazama akiondoka.

Alikwenda hata hivyo. Siku ya gulio, ndizi kichwani kama kisingizio, akashuka Tukuyu mjini hadi kwa Hezron fundi saa. Hezron alikuwa mtu wa kuja, mwenye maneno mengi, asiyejua nani ni mkwe wa nani. Kibanda chake kilikuwa na mlango mmoja tu, sanduku la kioo lililojaa saa na mikufu, na huko nyuma pazia la kitenge. Nyuma ya pazia alitundika kioo cha kujitazamia, kwa sababu wanawake hawapendi kulegeza kola mbele ya wapita njia.

"Shika huu, mama," Hezron alisema. "Baridi, siyo? Ngoja kidogo. Umeshapata joto lako. Bati halifanyi hivyo."

Akatoa kipande cha sumaku alichokichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Akakipitisha juu ya cheni moja ya bei poa, ikaruka ikang'ang'ania. Akakipitisha juu ya mkufu alioushika Tulia, ukalala kimya. Kisha akamwonyesha, karibu na kishikizo, namba ndogo kama mayai ya chawa: 925.

"Hicho ndicho cheti chake cha ubatizo."

"Kama umebatizwa, mbona bei yake ya kipagani?"

Hezron akacheka mpaka miwani ikateleza. Akapunguza.

Palikuwa na mikufu miwili iliyomshika moyo. Mmoja mfupi, umesukwa kama maji ya kijito yanapopita kati ya mawe. Ungelala kooni, ukaonekana na kila mtu. Wa pili mrefu, mwembamba, wa kawaida, wa kuzama ndani ya blauzi. Tulia aliupenda mfupi. Aliushika, akaurudisha, akaushika tena. Mwishowe akausukuma kwa kidole.

"Huo ni wa mwanamke anayepita njia ya mbele," alisema.

Hezron hakuelewa. Tulia akalipia mrefu, akaingia nao nyuma ya pazia, akafungua kilemba, akalegeza kola, akaufunga. Ulishuka kifuani polepole, baridi, halafu joto. Akajitazama kwenye kioo. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Hapo ndipo kikohozi kilipoingia dukani. Mara mbili. Kikavu.

Tulia akashika ukuta. Mvua nayo, kama iliyokuwa ikimsubiri mzee afike kwanza, ikamwagika juu ya bati. Alisikia fimbo ikiegemezwa, benchi la mlangoni likilia, buti za mpira zikinyooshwa kuziba njia.

"Saa yangu imepona?"

"Imepona, Mzee Andongwisye. Na lile jambo lako?"

Mzee akashusha sauti, lakini mvua ilimlazimisha kuipandisha tena. "Ndilo lililonileta. Ule mnyororo."

"Mkufu, mzee."

"Huo huo. Wa yule mama wa Bulyaga."

"Felista! Mzee, wewe mjane wa juzi tu, unataka kututangulia harusini sisi vijana?"

"Punguza mdomo. Wanangu wakisikia kabla sijawaambia, watasema nimerogwa." Akapokea saa yake. "Nyumba imekuwa kubwa mno, fundi. Unakohoa, hakuna anayekuuliza umekula nini."

Nyuma ya pazia Tulia akajiona kwenye kioo. Kichwa wazi, kola wazi, mkufu kifuani, na hatua tatu mbele yake mtu ambaye neno lake moja lingemtenga na watoto wake. Dirisha hakuna. Mlango mmoja, na mlango umezibwa na buti.

Hezron alimwaga mikufu juu ya kioo. Mzee akaishika, akaiacha.

"Yote naona sawa. Shingo ya mwanamke mimi nitaijuaje?"

"Felista ana shingo ya namna gani?"

"Shingo ya mtu! Nikampime kwa kamba kama ndama?" Benchi likalia tena. "Hapo chini ya pazia naona miguu. Ni nani?"

"Mteja. Mama! Hebu toka utusaidie, mzee huyu auone mkufu ukiwa shingoni."

Sikieni basi jinsi alivyobanwa. Akijifunika na kugeukia ukuta, amejitaja: ni mke wa mwana tu anayejificha hivyo, na wa kumficha uso mzee huyu alikuwa mmoja. Lakini mzee hakuwahi kuuona uso wake. Hata mara moja. Akitoka kama mwanamke yeyote wa gulioni, atakuwa mwanamke yeyote wa gulioni. Yeye aliyepita nyuma miaka yote, leo nyuma hapakuwa na njia. Iliyobaki ni mbele.

Akafunga kilemba, akatoka.

"Shikamoo, mzee."

Mkono wa mzee uliokuwa ukikaza mkanda wa saa ukasimama. Mvua ikapiga bati. Mzee akatazama buti zake.

"Marahaba," alisema. "Watoka wapi, mwanangu?"

"Huko juu."

"Huko juu ni kwema?"

"Ni kwema."

Hezron, asiyejua kitu, alishamvisha ule mfupi. Macho ya mzee yakapanda mpaka shingoni, yakakomea hapo, hayakupanda zaidi. Lakini Tulia alimwona. Kwa mara ya kwanza alimwona: masikio ya Gwamaka, kidevu cha mwanawe Lusungu, na uso wa mtu mwenye haya, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeitwa ubaoni. Miaka yote alikuwa akikimbia uso huu.

"Huu, au ule mrefu?" mzee aliuliza, akiuuliza mkufu.

"Mpe mfupi," Tulia alisema. "Mrefu mwanamke anauficha."

"Ajabu ya mama huyu!" Hezron akadakia. "Anasifia mfupi, yeye kanunua mrefu! Uko humo ndani ya blauzi!"

Tulia akabana kola kwa mkono. Mzee akakuna magoti.

"Kila mtu na mji wake, fundi," alisema. "Nifungie huo mfupi."

Kisha akakunja miguu, akaigeuza yote upande mmoja, na uso akaugeuzia ukutani, kama anayekinga macho na manyunyu. Mlango ukawa wazi. Tulia akavua mkufu wa watu, akauweka juu ya kioo, akapita na kuingia mvuani mbio.

Njia nzima ya kupanda Kawetele alijipongeza. Hakunijua. Hakunijua. Alikuwa akisonga ugali aliposikia vikohozi viwili. Akaacha mwiko sufuriani, akaingia ndani, khanga usoni.

"Wewe mbuzi," mzee alisema nje. Sauti ilikuwa karibu kuliko siku zote. "Kuna watu wanadhani mtu huonekana kwa uso tu. Mimi kila asubuhi namsikia mtu akiwaamsha wajukuu zangu, akiwaimbia, akiwakaripia. Miaka mingapi? Nisikie salamu yake dukani nisimjue?"

Mbuzi akatafuna. Tulia akauma khanga.

"Basi mbuzi akivaa kengele, mimi sikuisikia. Na mimi nikienda Bulyaga, mbuzi hakuniona. Hayo ndiyo yamekwisha."

Akaenda zake. Tulia alibaki amesimama gizani, akitamani kumjibu neno moja tu, hata asante, na hapakuwa na njia duniani ya kulifikisha. Ugali ukaungua.

Felista aliletwa baada ya mavuno, kwa baraka za kanisa na vigelegele. Alikuwa mchangamfu, mnene wa kupendeza, na mkufu mfupi ulimkaa kooni kana kwamba alizaliwa nao. Alishuka kisimani kwa njia ya mbele, akisifiwa kila mlango. Siku moja akamkuta Tulia chini kwenye matope, na ndoo yake.

"Umependeza, mama," Tulia alisema.

"Ndaga, asante mwanangu. Baba yako kanichagulia mwenyewe, huwezi kuamini, mzee yule!" Felista akamtazama shingo. "Na wewe kijana hivi, huna hata kimoja?"

Mkufu ulikuwa hapo, chini ya blauzi, umeshika joto lake.

"Sina, mama."

"Haifai hata kidogo. Nitamwambia baba yako leo hii leo, mbele ya wote, akununu..."

Kutoka juu, mbele ya nyumba, mzee akakohoa mara mbili, ingawa hakuwa akielekea popote.

Tulia akajitwika ndoo, akavuta khanga usoni, akaingia migombani.